Nyambizi za kwanza ukutani: mwongozo kamili wa kutafuta, kuchapa na kutundika michoro yake

Mchoro wa nyambizi ya zamani una jambo ambalo picha ya meli ya kawaida haina: unakuingiza ndani. Mchoraji amekipasua chombo ubavuni, kuanzia omo hadi tezi, na pale katikati unamwona mtu mzima amekaa kwenye kibao, magoti yamepanda, mkono mmoja unazungusha rafadha na mwingine umeshika kana ya usukani. Ukiutundika mchoro wa namna hiyo sebuleni, mgeni hautazami akapita. Anausogelea, anafuata mabomba kwa kidole, halafu anauliza huyu bwana alikuwa anapumuaje.

Shida ni kwamba picha nyingi za nyambizi zinazouzwa mtandaoni kama mabango zimetokana na michoro ya watu ambao chombo chenyewe hawakukiona. Nyingine zilichorwa miaka 100 baadaye. Si lazima ziwe mbaya kwa sababu hiyo, ila inafaa ujue unatundika nini, na mgeni akiuliza uwe na jibu. Kazi yote, kuanzia kuchagua chombo hadi kupiga msumari, unaweza kuifanya kwa vifaa vinavyopatikana Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi au mji wowote wenye duka la kuchapa ramani za nyumba.

Anza na chombo, mchoro utafuata

Ukianza kwa kuperuzi picha utaishia na rundo la vitu visivyohusiana. Amua kwanza ukuta wako utasimulia nini. Pendekezo langu ni kufuata swali moja: chombo kilisukumwa na nini? Mikono, tanga, hewa iliyoshindiliwa, mvuke, betri, petroli. Kila hatua ina nyambizi yake, na karibu kila moja ina mchoro unaopatikana.

Wengi watakuambia uanze na Cornelis Drebbel, Mholanzi aliyeendesha chombo cha makasia chini ya maji ya mto Thames, London, mwaka 1620, akiwa chini ya ufadhili wa mfalme James wa Kwanza. Ni kweli kwamba ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza. Lakini hakuna mchoro wa wakati ule uliosalia, hata mmoja. Kila picha ya "nyambizi ya Drebbel" unayoiona ni makisio ya mtu wa baadaye, na mimi namwacha nje ya ukuta bila kusita. Ukihitaji karne ya 17, chukua mchoro wa Giovanni Borelli, mwanasayansi wa Kiitalia, uliochapishwa 1680 katika kitabu chake kuhusu mwendo wa wanyama. Chombo hicho kilibaki kwenye karatasi, lakini mchoro ni wa wakati wake kweli: mashua iliyofunikwa juu, na ndani yake mifuko ya ngozi ya mbuzi. Mifuko ikijazwa maji, chombo kinazama, ikikamuliwa, kinaibuka.

Kwa mikono, chombo ni Turtle ya David Bushnell, iliyojengwa Connecticut mwaka 1775. Ilikuwa ya mbao na umbo lake lilikuwa kama magamba mawili ya kobe yaliyobanwa pamoja, ikibeba mtu mmoja tu. Septemba 1776 sajini Ezra Lee aliiingiza katika bandari ya New York kwenda kuitega HMS Eagle, manowari ya Waingereza. Alitakiwa kutoboa chini ya meli kwa keke iliyokuwa juu ya kichwa chake, aache hapo baruti, kisha aondoke. Keke haikushika. Dira yake na kipimo cha kina vilimulikwa kwa kuvu wanaong'aa gizani, maana mshumaa ungemmalizia hewa.

Sasa tazama mchoro ambao kila mtu anaujua, ule wa mtu aliyeketi ndani ya yai la mbao. Huo ulichorwa mwaka 1875 na Francis Barber, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, akifuata maelezo yaliyoandikwa. Chombo kilikuwa kimetoweka karibu miaka 100. Barber alichora rafadha kama parafujo ndefu iliyojisokota, ilhali Lee, aliyezizungusha kwa mikono yake mwenyewe, alizifananisha na mapanga ya kinu cha upepo. Mchoro ni mzuri sana na mimi nautetea ubaki ukutani. Ninachodai ni kwamba maelezo chini yake yawe na miaka miwili: mwaka wa chombo na mwaka wa mchoro. Kanuni hii itumie kwa kila picha utakayochapa.

Robert Fulton ndiye zawadi ya msanifu wa ukuta. Kabla ya kuwa mhandisi alikuwa mchoraji, na alijifunza London kwa Benjamin West. Michoro yake ya nyambizi ni ya mkono wake mwenyewe na inaonyesha mtu anayejua kalamu. Nautilus yake, iliyojengwa Ufaransa na kujaribiwa mwaka 1800, ilikuwa na mbavu za chuma zilizofunikwa kwa mabamba ya shaba, urefu wa mita 6.5 hivi. Juu ya maji ilikwenda kwa tanga lililokunjwa na kukunjuliwa kama upepeo. Ikizama, watu walizungusha rafadha kwa mikono. Ukiwa na nafasi ya picha moja tu, chukua ya Fulton.

Hewa iliyoshindiliwa ilitumika katika Plongeur ya Wafaransa, iliyoshushwa majini Rochefort mwaka 1863. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 40, na sehemu kubwa ya tumbo lake ilijaa matangi ya hewa. Mchoro wake wa mkato, yaani ule unaoonyesha ndani ya chombo kilichopasuliwa, unafaa kwa karatasi ndefu ya kulala.

Mvuke ni wa Narcís Monturiol wa Barcelona, na yeye ana kisa ambacho watu wa pwani watakielewa upesi. Hakuanza na vita. Alianza na wapiga mbizi wa marijani wa Cadaqués, akitaka wafanye kazi yao bila kufa maji. Ictíneo ya kwanza ilishushwa 1859. Ya pili, ya mita 14 hivi, ikafuata 1864 na baadaye ikafungwa injini ya mvuke iliyopata joto kwa kemikali, kwa kuwa moto wa kawaida ungeila hewa yote. Zote mbili zilikuwa za mbao. Leo kuna nakala zake za ukubwa kamili huko Barcelona.

Betri ni Isaac Peral, ofisa wa Hispania, ambaye chombo chake cha chuma cha mita 22 kilishushwa Septemba 1888 kikiwa na mrija wa kurushia torpido. Chombo chenyewe kipo mpaka leo katika makumbusho ya jeshi la majini, Cartagena. Halafu anakuja John Philip Holland, mwalimu wa shule aliyezaliwa Liscannor, Ireland, akahamia Paterson, New Jersey. Aliunganisha injini ya petroli ya kwendea juu ya maji na mota ya umeme ya kwendea chini. Nyambizi yake ya sita, ya mita 16.4, ilishushwa 17 Mei 1897, na jeshi la majini la Marekani likainunua 11 Aprili 1900 kwa dola 150,000. Kwa Holland una anasa ya kuchagua: kuna michoro ya hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, na kuna picha za kamera, ikiwemo ile ambayo yeye mwenyewe amejitokeza kwenye mlango wa juu wa chombo, kofia ya mviringo kichwani, miwani usoni, sharubu zimetanda.

H. L. Hunley inahitaji neno la peke yake. Ni maarufu, na michoro yake inavutia. Usiku wa 17 Februari 1864, nje ya Charleston, iliizamisha USS Housatonic, ikawa nyambizi ya kwanza kuzamisha meli ya kivita. Mabaharia 5 wa Housatonic walikufa, na watu 8 wa Hunley nao hawakurudi. Kabla ya hapo ilikuwa imeshazama mara mbili katika majaribio na kuua watu 13, akiwemo Horace Hunley aliyeipa jina. Tena ilikuwa ya majimbo ya kusini ya Marekani yaliyopigana ili utumwa uendelee. Mimi singeitundika kama pambo tupu. Ukiitaka, maelezo yake yaseme ilipigania upande gani na wangapi walizikwa nayo. Kwa mchoro, tafuta mchoro wa rangi wa Conrad Wise Chapman, aliyeiona nyambizi ikiwa nchi kavu Charleston mwishoni mwa 1863. Ile michoro ya mkato iliyotengenezwa kwa kumbukumbu za William Alexander, mhandisi aliyesaidia kuijenga, mwanzoni mwa karne ya 20 iliifanya ionekane kama boila la kiwandani. Hunley ilipoinuliwa kutoka baharini Agosti 2000, watu walikuta chombo chembamba kilichonyooka vizuri kuliko walivyodhani.

Kupata faili safi na haki ya kuitumia

Mahali pa kwanza pa kutafuta ni Library of Congress ya Washington, sehemu ya picha na michoro. Pale unapata faili za TIFF, na kila picha ina ukurasa wenye maelezo ya haki zake. Pili ni Naval History and Heritage Command, idara ya historia ya jeshi la majini la Marekani. Tatu ni hifadhi za hataza: andika jina la Holland au la Simon Lake, yule aliyetengeneza nyambizi ya magurudumu ya kutembelea sakafu ya bahari, na utapata michoro ya mistari myeusi kwenye karatasi nyeupe, ambayo ni rahisi kuisafisha kuliko yote. Wikimedia Commons, hazina huria ya picha mtandaoni, inafaa kwa kutambulia mchoro na kuona umetoka wapi; ukishajua, nenda kwenye chanzo chenyewe, maana mara nyingi faili kubwa zaidi iko huko.

Kwa michoro ya Kifaransa kuna Gallica, hazina ya maktaba ya taifa ya Ufaransa. Kwa matumizi yako ya nyumbani huna shida, mradi utaje chanzo. Ukitaka kuuza nakala, wana utaratibu wa malipo, na inakupasa uusome kabla hujachapa.

Kuhusu hakimiliki kwa ujumla: kwa sheria za Tanzania Bara na Kenya kazi ya sanaa inalindwa maisha yote ya mwenyewe na miaka 50 baada ya kifo chake. Marekani, kilichochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita kiko huru. Fulton alifariki 1815, Monturiol 1885, Chapman 1910. Hao hawana wa kukudai. Anayeweza kukudai ni mpiga picha wa leo. Holland 1, nyambizi ya kwanza ya jeshi la Uingereza, ilishushwa 1901, ikazama ikivutwa kwenda kukatwa vyuma mwaka 1913, ikainuliwa 1982 na sasa iko makumbusho ya Gosport. Chombo ni cha zamani, lakini picha aliyoipiga mtalii mwaka jana ni mali ya mtalii. Vivyo hivyo michoro mipya ya kompyuta ya "Turtle" au "Hunley": ni ya waliochora.

Hesabu ya ukubwa

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Chukua upana wa karatasi kwa inchi, zidisha kwa 300, upate pikseli, yaani nukta za picha, unazohitaji kwa uchapaji mkali. Kwa A3 ni kama 3,500 kwa 4,960. Kwa A2 ni 4,960 kwa 7,015. Kwa A1 ni 7,015 kwa 9,930. Mchoro utakaotazamwa kwa umbali wa hatua mbili unavumilia nusu ya hapo, yaani 150 kwa inchi. Chini ya hapo mistari inaanza kuonyesha ngazi ngazi, na kwenye mchoro wa kalamu ngazi hizo zinaonekana mapema kuliko kwenye picha ya kamera.

Faili ikiwa ndogo na mchoro ni wa mistari mitupu, kuna njia halali ya kuukuza: igeuze kuwa mistari ya vekta kwa Inkscape, programu ya bure. Ikishakuwa vekta unaichapa hata ukubwa wa mlango. Ila kagua herufi ndogo na namba za sehemu baada ya kugeuza, kwa sababu namba 8 hupenda kuziba ikawa doa. Programu za akili bandia za kukuza picha sizipendekezi kwa kazi hii. Zinalainisha uso wa mtu vizuri, lakini zikikutana na maandishi ya 1798 zinabuni herufi ambazo hazipo katika lugha yoyote, na ribiti 12 zinaweza kuwa 15. Umeanza na mchoro wa kihistoria, unamaliza na uongo mkali wenye pikseli nyingi.

Kama una ukuta mrefu, kuna jambo ambalo hutalikuta dukani: vyombo vyote kwenye karatasi moja kwa kipimo kimoja. Kwa 1:50, yaani sentimita 1 ya karatasi kwa kila nusu mita ya chombo, Turtle yenye mita 2.3 inakuwa sentimita 4.6, Nautilus 13, Hunley 24, Ictíneo ya pili 28, Holland 33, Peral 44, na Plongeur inafika kama 85. Plongeur haiingii kwenye A1, ambayo ina sentimita 84. Chukua A0, au omba karatasi ya roli. Chora vivuli vyeusi tu, bila mkato, na chini ya kila kimoja weka mtu mwenye urefu wa milimita 34, kwa kipimo hicho hicho. Watoto wataelewa jambo hili haraka kuliko maelezo yoyote utakayoandika.

Kusafisha bila kufuta umri

Fungua faili kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, nayo ni ya bure. Kwanza nyoosha: tafuta mstari ambao unajua ulikuwa mlalo, kwa kawaida mpaka wa mchoro, na uzungushe picha hadi ulale sawa. Kisha geuza kuwa nyeusi na nyeupe kama mchoro hauna rangi zake. Karatasi ya zamani huwa na manjano ambayo kwenye skrini yanapendeza, lakini printa ya dukani huyafanya rangi ya chai iliyomwagika.

Baada ya hapo rekebisha mwanga na giza: sogeza ncha ya weupe mpaka karatasi iwe nyeupe, na ncha ya weusi mpaka wino uwe mweusi, ila usimamie pale mistari myembamba inapoanza kukatika. Kwenye michoro ya karne ya 19 kivuli hutengenezwa kwa mistari mingi iliyopishana. Ukizidisha, mistari hiyo inaungana na mwili wa chombo unakuwa giza tupu. Kuza picha hadi asilimia 100 na utazame sehemu moja ngumu, mathalani pale kana ya usukani inapopita nyuma ya mgongo wa mtu ndani ya Turtle. Mistari ya pale ikisomeka, kwingine kote kutasomeka.

Madoa ya ukungu na mikunjo futa. Muhuri wa maktaba, sahihi ya mchoraji na alama ya bamba la kuchapia viache. Kwenye michoro ya hataza acha pia sahihi za mashahidi pale chini. Ni sehemu ya uzuri wake.

Rangi, na maneno ya Kiswahili

Kuna mtindo wa kuchapa kila kitu kwa mistari myeupe juu ya buluu, kama ramani za wahandisi. Kwa Holland na Peral mtindo huo una haki yake, kwani uchapaji wa buluu ulibuniwa na John Herschel mwaka 1842 na wahandisi wakauzoea kuanzia miaka ya 1870. Kwa Turtle ni kichekesho. Mwaka 1775 hakuna aliyewahi kuona ramani ya buluu. Kwa vyombo vya zamani zaidi tumia wino mweusi au kahawia iliyokolea juu ya karatasi yenye weupe wa maziwa. Usizidi rangi mbili kwa ukuta mzima.

Maelezo yaandike kwa Kiswahili, na hapa tuna utajiri ambao wauzaji wa mabango ya Ulaya hawana. Lugha yetu ni ya watu wa bahari: omo, tezi, mkuku, mbavu, kana, usukani, rafadha, dira. Kwa visivyo na jina la asili, sema kinachofanyika: tangi la maji ya kuzamia, pampu ya kutolea maji, mrija wa hewa. Vuta mstari mwembamba kutoka kila sehemu hadi pembeni na uandike jina kwa herufi ndogo zisizo na madoido. Sehemu sita au saba zinatosha; ukiandika ishirini, mchoro unageuka mtihani.

Mfano wa maelezo ya chini: "Turtle. Ilijengwa Connecticut, 1775; ilishambulia HMS Eagle bandari ya New York, Septemba 1776. Mchoro wa F. M. Barber, 1875, kwa kufuata maandishi." Mistari miwili, miaka ya chombo na ya mchoro, basi. Acha nafasi ya angalau sentimita 3 kati ya ukingo wa karatasi na kitu chochote kilichochapwa, kwa sababu fundi wa fremu lazima ataificha nusu yake.

Kuchapa

Duka linalofaa kwa michoro ya mistari si studio ya picha. Ni lile linalowachapia wasanifu majengo na wapima ardhi, lenye plota, mashine ya kuchapa karatasi kubwa. Plota imetengenezwa kwa ajili ya mistari, inachapa A1 na A0 bila shida, na bei yake kwa karatasi moja huwa ndogo kuliko ya bango. Picha za kamera, kama ile ya Holland mlangoni, ndizo upeleke studio.

Peleka PDF kwenye flashi. Ukilazimika kutumia WhatsApp, itume kama dokumenti, kamwe usiitume kama picha, maana inabanwa na kazi yako yote ya pikseli inapotelea njiani. Mwambie kijana wa mashine mambo matatu kabla hajabonyeza: achape kwa ukubwa halisi, asilimia 100, asiruhusu mashine kujipimia karatasi, atumie wino mweusi peke yake kwa michoro isiyo na rangi, vinginevyo weusi utakuja na ujani au uzambarau, na aanze na kipande. Kipande hicho ukiandae mwenyewe: kata sehemu ya A4 kutoka mchoro kamili, ile ngumu uliyoikagua, uichape kwa ukubwa wake wa mwisho. Itoe nje ya duka, uitazame kwa mwanga wa mchana. Taa za duka zinadanganya.

Karatasi ya plota ya gramu 80 hujikunja baada ya mwezi mmoja wa unyevu. Uliza ya gramu 120 au zaidi, isiyong'aa. Kwa A3 na A4 tafuta ya gramu 200 hivi. Wino wa printa za kawaida za nyumbani hufifia upesi. Ule wa pigimenti unadumu zaidi, na printa ya leza haina tatizo kubwa la kufifia. Uliza mashine inatumia wino gani. Asiyejua kukujibu, mwache.

Fremu, hasa kwa mtu wa pwani

Adui wa karatasi Tanga, Unguja au Lamu ni unyevu wenye chumvi. Kosa linalorudiwa kila siku ni kuibana karatasi moja kwa moja kwenye kioo. Jasho linaingia kati, wino unaganda kwenye kioo, na siku utakapotaka kuitoa itachanika. Mwambie fundi aweke kadi nene yenye dirisha kati ya mchoro na kioo, ya milimita 2 au zaidi, na upande wa chini uwe mpana kidogo kuliko pande nyingine. Jicho la mtazamaji huhitaji hivyo ili mchoro usionekane umeporomoka.

Mchoro ushikwe kwa juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi na gundi ya wanga, ili uning'inie na uweze kutanuka. Seloteip ikatae kabisa: inageuka kahawia na doa lake halitoki. Nyuma, mafundi wengi huweka ubao mwembamba uliobanwa kiwandani, ambao kwa miaka huigeuza karatasi manjano, hivyo weka karatasi nyingine nene kati yao. Ziba kingo zote za nyuma kwa karatasi ya gundi ili mende na wadudu wala karatasi wasipate mlango. Bandika vipande vya kizibo au mpira kwenye pembe mbili za chini, ili fremu isigusane na ukuta na hewa ipite.

Mbao za mninga zinapendeza na michoro hii, na fremu nyembamba nyeusi nayo haikosei. Za dhahabu zenye maua waachie wenye picha za harusi.

Kutundika

Mwanga wa jua ndio unaokula wino, kwa hiyo ukuta unaopigwa na jua la asubuhi au la jioni usiutumie, hata kama ndio mzuri kuliko yote. Jikoni na karibu na bafu pia acha.

Katikati ya picha iwe kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Kwa safu ya picha kadhaa, acha sentimita 5 hadi 8 kati yao. Kabla ya kutoboa, kata magazeti kwa ukubwa wa fremu, yabandike ukutani, uyaache hadi kesho yake. Utabadilisha mpangilio, takriban kila mtu hubadilisha. Ukishaamua, vuta uzi, weka pimamaji, tia alama.

Ukuta wa tofali za saruji unakubali msumari wa zege kwa fremu nyepesi. Kwa A1 yenye kioo toboa kwa drili na utumie skrubu mbili zenye plastiki za kushikia. Nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe au Mji wa Kale wa Mombasa, hazitaki nyundo: plasta itadondoka kipande kizima. Toboa polepole bila mtikisiko, na ukikuta unga mtupu, hama sentimita chache. Waya wa kuning'inizia uwe wa shaba au wa chuma kisichoshika kutu. Waya wa kawaida karibu na bahari huliwa bila wewe kujua, hadi fremu ije sakafuni.

Kila msimu wa mvua ukiisha, shusha fremu na ukague mgongo wake. Ukikuta vidoa vya ukungu kwenye kadi, fungua, kausha kivulini, badilisha kadi. Vikiwa vimefika kwenye mchoro, usihangaike kusugua. Faili unayo, chapa mwingine.